Kaskazi ya huku si kaskazi yetu: kuvua straipa ufukweni bahari ikiwa imechafuka

#1 MvuviWaMoa

Wakuu, habari za Jumapili. Huu uzi niliuahidi kitambo kule kwenye mada ya wabeba boksi, nikawa napiga danadana. Leo niko mapumziko, mgongo unauma, na nje upepo unapiga mluzi dirishani. Basi naandika.

Mimi mtoto wa Moa, kule Mkinga, ukinyoosha mkono unagusa Kenya. Nimelelewa na baba mdogo mwenye ngalawa na mshipi. Sheria ya kwetu ilikuwa moja: kusi likikaza, ngalawa inapandishwa mchangani, wanaume wanakaa bandani wanashona nyavu na kubishana mpira. Sasa nina mwaka wa tisa Massachusetts, kazi yangu ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mara ya kwanza kupelekwa pwani majira haya majani yanapopukutika nilidhani watu wa huku wamerukwa na akili. Redio inatangaza dhoruba. Wenye maboti wanaongeza kamba bandarini. Halafu kuna kundi jingine linapakia fimbo za kuvulia kwenye gari na kwenda huko huko kwenye mawimbi, saa tisa ya usiku, mvua ya baridi inawachapa usoni.

Wanamfuata samaki mmoja tu, straipa. Ana milia saba au minane myeusi inayotoka shingoni hadi mkiani, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Kitaalamu ni Morone saxatilis. Anazaliwa maji baridi, hasa mito ya Ghuba ya Chesapeake, mto Hudson na mto Delaware, kisha anakulia baharini. Masika anapanda kaskazini kufuata chakula, wengine wanafika Maine na hata Kanada. Vuli, maji yanapoanza kupoa, anageuza njia kurudi kusini, na safari hiyo anakula kama mtu anayefuturu. Wakati huo huo samaki wadogo nao wanatoka kwenye vijito na mabwawa ya chumvi walikokulia kiangazi chote. Misafara miwili inakutana ufukweni.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Kwetu kaskazi ni neema: Desemba mpaka Machi, joto, bahari imelala, ngalawa zinatoka. Huku upepo ukitoka kaskazini-mashariki mwezi wa kumi, funga madirisha. Ni dhoruba inayopita baharini kando ya pwani na kusukuma maji nchi kavu siku mbili tatu mfululizo. Wenyewe wanaiita norista. Upepo ni ule ule kwa upande unakotoka, tabia ni mbingu na ardhi.

Na straipa anaipenda. Fikiria wimbi linapopasuka kwenye mwamba: dagaa na vifaranga vya samaki wanapoteza mwelekeo, wanarushwa huku na huku, hawaoni mbele. Straipa ana mwili mzito na mkia mpana, maji yanayomzungusha dagaa kwake ni upepo wa feni. Povu linamficha. Mawingu yanafanya saa sita mchana iwe kama magharibi, naye ni samaki asiyependa mwanga mkali. Kwa hiyo yule ambaye wakati wa shwari yuko mbali kwenye kina, siku hiyo anakula mita tano kutoka kwenye viatu vyako.

Ila sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo wageni wanapokosea. Dhoruba ikiwa kileleni hakuna uvuvi. Kuna mlango kabla na mlango baada. Mlango wa kwanza ni zile saa chache upepo unapoanza kukaza na bahari inapoanza kuinuka. Wa pili ni siku upepo unapogeuka kutoka kaskazini-magharibi, yaani unatoka nchi kavu: mawimbi bado makubwa, lakini maji yanaanza kusafika. Katikati ya milango hiyo maji yamekuwa chai ya maziwa, mchanga mtupu, na kila ukirusha unavuta kilo ya mwani. Rangi ya kutafuta ni povu jeupe juu ya maji ya kijani. Ukiona kahawia, geuza gari.

Nitaendelea, naenda kupika.

#2 Shakwe

Nimeweka kambi. Mkuu usituache njiani kama kawaida ya humu.

#3 KobeMzee

Hii chai. Mtu anabeba wazee usiku kucha, asubuhi amechoka hoi, ndio aende kusimama kwenye mvua? Halafu picha hakuna. Samaki aache bahari nzima aje kula miguuni kwako, kwani wewe ni ugali?

#4 MvuviWaMoa

Mzee Kobe nilijua utakuja tu. Picha sitaki kuweka kwa sababu mawe yataonekana nyuma, na wavuvi wa huku wakigundua umetangaza mwamba wao hawakusalimii tena. Siri ya mwamba huku ni kama siri ya mganga.

Ila nakupa kisa, upime mwenyewe kama ni chai.

Kuna mzee wa asili ya Cape Verde, anaishi New Bedford, amevua pwani hii tangu ujana. Mimi namwita Babu. Tulikutana ufukweni, akaniona natupa fimbo kama napiga nyoka, akanihurumia. Sheria yake ya kwanza: ukifika, fimbo inabaki ndani ya gari. Unakaa juu, pakavu, dakika ishirini, unatazama bahari. Si dakika tano. Ishirini, kwa saa.

Mwaka wangu wa pili nikajiona nimeiva. Nilikwenda Narragansett, Rhode Island, peke yangu, mchana. Pale mawe yameinama kuelekea baharini kama paa la nyumba. Jua linawaka, upepo hakuna, anga kama la Tanga mwezi wa pili. Nilijua kuna kimbunga mbali sana katikati ya Atlantiki, lakini nikasema cha mbali kinanihusu nini? Nikashuka moja kwa moja. Kama dakika kumi bahari ilikuwa inapumua tu, juu, chini. Kisha yakaja mawimbi matatu kwa mpigo. La kwanza lilinifika magotini nikacheka. La pili lilinitoa miguu. La tatu lilinirudisha na kunibamiza kwenye ufa wa mwamba, na ule ufa ndio ulionishika nisivutwe. Fimbo ilikwenda. Rili, lile gurudumu la kukunjia uzi, ilikwenda. Paja langu lina nyuzi sita mpaka leo.

Kilichonisaidia ni mkanda. Ile suruali ya mpira inayofika kifuani lazima uifunge mkanda kiunoni, umekaza barabara. Watu wanasema ikijaa maji inakuzamisha kama jiwe. Hapana, maji ndani ya maji hayana uzito. Tatizo ni kwamba huwezi kuogelea, na huwezi kuinua miguu kupanda mwamba kabla wimbi jingine halijafika. Mkanda unazuia maji yasishuke miguuni.

Babu alipokuja kuniona hakunipa pole. Aliuliza, "Mawe uliyosimama yalikuwa makavu au yamelowa?" Nikasema yamelowa. Akauliza, "Mvua ilinyesha?" Hapana. "Basi nani aliyalowesha?"

#5 Binti_Makunduchi

Pole kaka. Hilo la mawimbi kuja mafungu mafungu sisi tunalijua tangu wadogo. Bamvua likitoka tunakwenda mwambani kutafuta pweza, bibi zetu walitukataza kuipa bahari mgongo hata kama imekauka mpaka kule. Unainama kuchoma shimo, lakini sikio liko kwenye mwamba wa nje, kuna sauti inabadilika kabla ya wimbi kubwa.

Ila swali langu: hicho kimbunga kiko mbali hivyo, na kwenu hakuna upepo, nguvu inatoka wapi?

#6 MvuviWaMoa

Dada umeuliza la msingi. Upepo wa kimbunga unazaa mawimbi ya kila aina pale pale kilipo. Yale mafupi yanakufa njiani. Marefu, yale ambayo kutoka mgongo mmoja hadi mwingine zinapita sekunde 12, 14, hata 16, yanasafiri maelfu ya kilomita bila kuchoka. Katikati ya bahari huwezi kuyaona, ni mwinuko tu wa taratibu. Yakigusa kina kifupi ndio yanasimama. Na kwa kuwa yanakuja kwa mafungu, katikati ya fungu na fungu kuna utulivu wa kukudanganya. Ndiyo maana siku ya jua yenye kimbunga mbali inawanasa wasiojua kuliko siku ya mvua. Siku ya mvua hata mjinga anaogopa.

Sasa hivi kabla sijawasha gari naangalia kwenye simu maboya ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, yanaonyesha urefu wa wimbi na sekunde zake. Wimbi la futi 5 kwa sekunde 6 navua. La futi 5 kwa sekunde 14, kwenye mawe siendi, natafuta ufukwe wa mchanga au nalala. Futi zinafanana, bahari mbili tofauti.

Hiyo ya sauti kubadilika umenikumbusha mbali. Baba mdogo alikuwa anasema bahari inakohoa kwanza.

#7 Omosh_Lowell

Boss, salamu kutoka Lowell. Mimi ni mtu wa Ahero, samaki yangu ni mbuta na ngege, bahari niliijua nikiwa mkubwa. Lakini hii story imenishika. Nipe vitu za kuanza nazo bila kuuza figo. Na ni lazima nije hadi Rhode Island?

#8 MvuviWaMoa

Omosh karibu. Rhode Island ya nini wakati mto Merrimack unaopita hapo kwenu Lowell ndio huo huo unaoingia baharini pale Newburyport? Pembeni yake kuna Plum Island, maili za mchanga zinazotazama mashariki. Anza kwenye mchanga. Mchanga unasamehe, mwamba hausamehi. Ile gati ya mawe mdomoni mwa mto usiikanyage bahari ikiwa imechafuka. Maji yakiwa yanapwa, mkondo wa mto unatoka huku upepo wa mashariki unaingia, yanagongana pale na kusimama wima. Maboti yamepinduka hapo kwa miaka mingi.

Leseni ya uvuvi wa baharini Massachusetts si ghali, unaichukua mtandaoni. Usivue bila hiyo, maaskari wa mazingira wanakuja hata saa nane ya usiku na tochi zao.

Vifaa: fimbo ya futi 10, rili ya kati, uzi wa kusuka wa kuhimili ratili 30. Mwishoni unafunga lida, kama mita moja ya uzi mnene usioonekana wa ratili 50, kwa sababu mawe na kome wanakata. Seti yangu ya kwanza niliipata ya mtumba, dola 60, kwa bwana aliyekuwa anahama. Ilivua mwaka mzima mpaka nilipoitoa sadaka Narragansett kama nilivyoeleza.

Pesa uliyookoa kwenye fimbo iweke miguuni. Vyuma vyenye misumari vya kufunga chini ya viatu kama utakanyaga mawe, mkanda wa suruali, koti la mvua linalobana shingoni na mikononi, taa ya kichwani, na boya la kuvaa, lile jembamba linalojijaza upepo lenyewe. Maji mwezi wa kumi ni kama nyuzi joto 15, wa kumi na moja yanashuka. Si maji ya kuogelea ukifikiria maisha.

Chambo bandia, usinunue duka zima. Mimi natembea na vitatu:

Cha kwanza ni kichwa cha risasi chenye manyoya ya mkia wa paa, cheupe, cha aunsi moja na nusu hivi, ukiongeza kipande cha mpira mrefu nyuma kinachotikisika. Hicho ndicho mkate na chai. Kinazama, kinapita chini ya povu, kinapenya upepo. Cha pili kinafanana na chupa, na ndivyo kinavyoitwa, kina mdomo unaoshika maji na kuyumba hata kwenye mkondo mkali, na kinaruka vizuri upepo ukiwa usoni. Cha tatu ni kijiti chembamba kama chuchunge, hakina mbwembwe yoyote, ukikivuta kinakwenda moja kwa moja kama fimbo iliyookotwa. Nilikidharau sana. Usiku wa Novemba straipa wakila visamaki vyembamba vya mchangani, hawataki kitu kingine.

Namna ya kurusha dhidi ya upepo: usirushe juu, rusha chini chini, kama unamrushia mtu jiwe kifuani. Subiri wimbi lipasuke, tupa nyuma yake, acha chambo kizame kwenye povu, kisha vuta polepole kuliko unavyodhani. Mara nyingi anakamata kinapoanguka. Huhisi kuvutwa, unahisi uzi umekosa uzito. Hapo hapo piga.

Na kwenye mchanga tafuta pale wimbi lisipopasuka. Mstari wote mweupe, halafu kuna kipande cheusi katikati: hapo kuna mfereji, maji yanarudi baharini kwa njia hiyo na yanabeba chakula. Straipa anakaa mlangoni mwake anasubiri, kama sisi tunavyosubiri sahani za pilau shughulini.

#9 Mwana_Uvira

Asante sana ndugu. Mimi niko Portland, Maine, lakini nilikulia Uvira, kando ya Tanganyika, tulikuwa tunavua ndagala na taa usiku. Ziwa nalo lina hasira yake, watu wa bara hawaamini. Huku kwetu Maine ukisema Oktoba umechelewa. Septemba ikiisha hao samaki wanaanza kuaga, wachache tu ndio wanabaki mitoni. Mimi navua mdomoni mwa mto Kennebec mwezi wa sita na wa saba. Hiyo ya dhoruba sijaifanya, na mke wangu amesoma hiyo habari ya ufa wa mwamba, amesema nisiifanye.

#10 MvuviWaMoa

Shemeji yuko sahihi, msikilize. Ni kweli, msafara unashuka kama mahindi yanavyoiva: Maine kwanza, halafu sisi na Rhode Island mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kisha Montauk kwenye ncha ya Long Island, halafu New Jersey Novemba mpaka Desemba. Kule Montauk kuna watu wanavaa nguo za wapiga mbizi, wanaogelea usiku na fimbo mkononi mpaka kwenye jiwe lililoko nje, wanasimama juu yake wanavua huku mawimbi yanawapiga. Sijawahi, na sitawahi.

New Jersey wana kitu kimoja ninachotamani kukiona: mikizi kushuka pwani kwa makundi mwezi wa tisa, inaruka ruka kwenye mawimbi. Kwetu tunasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Kule furaha ni ya straipa kwanza.

#11 KobeMzee

Sawa, kisa cha paja nimekikubali, nimejaribu kutafuta uongo nimekosa. Sasa tueleze samaki. Umeshawahi kupata mkubwa au unatuuzia vifaa tu?

#12 MvuviWaMoa

Mwaka juzi, mwisho wa Oktoba. Norista ilipiga siku tatu. Sikwenda kokote, nilikuwa nalala na kuamka nikiangalia mshale wa upepo kwenye simu. Usiku wa nne Babu akapiga. Hasalimii huyu mzee, alisema tu, "Umegeuka." Nilikuwa natoka zamu, nikapitiliza.

Tulikaa juu dakika ishirini kwenye giza. Mawimbi bado yalikuwa yanafika kwa mafungu, lakini sekunde zake zilikuwa zimepungua, na kila povu likitawanyika unaona chini yake weusi safi, si udongo. Babu alichagua jiwe kavu, pana, lenye njia mbili za kutokea. Jiwe zuri kuliko lile lilikuwa mita nane mbele, limelowa. Hakulitazama mara mbili.

Saa nzima hakuna kitu. Vidole vimekufa. Maji yakaanza kupwa, na mkondo ukaanza kuvuta kutoka kushoto. Nikarusha kile cheupe chenye manyoya nyuma ya wimbi, kikazama, uzi ukalegea kama umekatika. Nikapiga, na fimbo ikabaki pale pale imepinda.

Mwenye kufahamu kolekole atanielewa: kolekole anakupiga ngumi, huyu anakuburuza kama trekta. Alichukua mita sitini bila haraka. Kosa la wengi ni kushindana naye wimbi linaporudi. Maji yakirudi unampa uzi. Wimbi likija unazungusha rili na kumleta nalo, kama mtu anayeteremsha chombo pwani kwa kufuata mapigo. Dakika kumi na tano hivi. Babu akashuka upande wa makavu na taa nyekundu, akamshika taya la chini. Straipa hana meno ya kutisha, ana sandpepa tu, kidole gumba changu kilichubuka wiki nzima.

Inchi 42. Kwa makisio ya Babu ratili 30, kilo 13 na ushee. Tukampima, tukamgeuza kichwa kwenye maji, tukamshika mpaka alipopiga mkia mwenyewe, akaenda.

#13 KobeMzee

Subiri kwanza. AKAENDA? Kilo 13 umerudisha baharini? Wewe ni mvuvi au ni mwalimu wa kuogelea wa samaki?? Wazee wa Moa wakisikia watakufutia uraia.

#14 Shakwe

😂😂😂 Mzee Kobe niokoe mbavu zangu

#15 Omosh_Lowell

Hata mimi hapo nimeshtuka boss. Hiyo ni sufuria tatu.

#16 MvuviWaMoa

Nilimweleza baba mdogo kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza kama nimeanza kunywa pombe.

Sheria hairuhusu, wakuu. Tangu 2023, baharini straipa wa kuchukua ni mmoja kwa mtu kwa siku, urefu wake kuanzia inchi 28 na asizidi 31. Nafasi ya inchi tatu tu. Akipungua rudisha, akizidi rudisha. Ukivua kwa chambo cha nyama, ndoana iwe ya duara, ile inayoshika pembeni mwa mdomo badala ya tumboni. Hiyo imekuwa lazima tangu 2021. Massachusetts hata kumwopoa kwa ndoana ya mti ni marufuku.

Nami mwanzoni nilinuna. Lakini sikilizeni historia ya huyu samaki. Mwaka 1639 wakoloni wa Massachusetts walipitisha sheria ya kukataza watu wasimtumie kama mbolea ya mashamba, alivyokuwa mwingi. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa karibu kwisha. Maryland, ambako wengi wanazaliwa, ilifunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 mpaka 1990. Akarudi. Mwaka 1995 wakatangaza amepona, watu wakasherehekea kwa kumvua upya, na tathmini ya 2019 ikasema anavuliwa kupita kiasi. Tangu mwaka huo vifaranga wanaohesabiwa Maryland ni wachache mno mwaka hadi mwaka. Na wale wakubwa, wa inchi 42, karibu wote ni majike, mmoja anabeba mayai ya mamilioni. Kumla yule ni kula kuku pamoja na banda.

Zaidi ya hapo, idara za afya huku zinashauri wajawazito na watoto wasile straipa kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwanda, na mkubwa ndiye aliyekaa nazo miaka mingi. Wa inchi 29 anatosha. Namchana mgongoni, ukwaju, kitunguu saumu, pilipili, moto wa taratibu. Nyama nyeupe ya mapande mapande, karibu na chewa.

Mzee Kobe, ili usilale na njaa nakupa hii. Rekodi ya dunia kwa miaka karibu 29 ilitoka kwenye gati ya mawe, usiku wa norista, Atlantic City, New Jersey, Septemba 21, 1982. Bwana anaitwa Al McReynolds. Alipambana na samaki mmoja zaidi ya saa moja na nusu huku mawimbi yakiruka juu ya mawe: ratili 78 na nusu, kilo 35 na ushee. Rekodi ilivunjwa 2011 na Greg Myerson wa Connecticut, karibu ratili 82, lakini yeye alikuwa kwenye boti. Kwa watu wa ufukweni yule wa 1982 bado ndiye mfalme. Na kwa sheria ya leo angemrudisha.

#17 Binti_Makunduchi

Hii ya kufunga ili warudi tumeiona kwenye pweza. Vijiji vya kusini huku Unguja vinafunga mwamba miezi kadhaa, siku ya kufungua pweza anatoka mzito. Wanaume ndio walikuwa wabishi, kama Mzee Kobe.

#18 KobeMzee

Mimi simo. Nasoma tu.

#19 Omosh_Lowell

Wadau, ripoti. Nilienda Plum Island Jumanne na jamaa mmoja. Upepo ulikuwa unatupa kofia. Tulikaa masaa manne. Mavuno: mwani. Mwani tena. Glavu ya mtu. Maji rangi ya chai kabisa. Nilisimama pale nikasema huyu mtu wa Moa ametuchezea.

#20 MvuviWaMoa

Jumanne! Jumanne norista ilikuwa kileleni ndugu yangu. Uliingia katikati ya milango miwili. Nimeandika pale juu, ukiona kahawia geuza gari.

Angalia mshale wa upepo. Alhamisi usiku unageuka kaskazini-magharibi. Mchanga unahitaji muda kutulia kuliko mwamba, kwa hiyo Plum Island usiende Alhamisi, nenda Ijumaa alfajiri. Maji yatakuwa yanapwa. Tafuta kile kipande cheusi, usiingie zaidi ya magoti, na uende na huyo jamaa yako, usiende peke yako.

#21 Omosh_Lowell

Boss. BOSS.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kukata masikio, nyota zote nje, upepo mgongoni. Maji kijani. Shakwe walikuwa wamekusanyika mahali pamoja wanapiga kelele, tukaenda chini yao. Mfereji uko pale kama ulivyosema, mweusi, mawimbi yanapasuka pembeni zote mbili. Mrusho wa nne au wa tano, uzi ukakosa uzito. Nikapiga. Sijui nilipiga kelele gani lakini jamaa yangu alidhani nimeumwa na kitu.

Nilimpa uzi wimbi likirudi, nikamvuta likija. Alipofika mchangani mikono yangu ilikuwa inatetemeka hadi nikashindwa kufungua tepu. Inchi 27 na robo tatu.

Tumempima mara tatu. Amerudi nyumbani.

#22 KobeMzee

Robo inchi!! Mkia uliubana vizuri lakini? Maana ukiubana unaongezeka.

#23 Omosh_Lowell

Nilibana, mzee. Na kidole gumba kimechubuka, niko kazini naonyesha kila mtu.

#24 KobeMzee

Hiyo suruali ya mpira wanauza saizi ya mtu mwenye kitambi? Nauliza kwa niaba ya rafiki. Yuko Worcester, Ijumaa ijayo hana zamu.